Banda la kuku ubavuni mwa stoo: Ukuta wa bure una gharama zake

Na Mwandishi Wetu

FUNDI amekwisha kuchimbia mirunda mitatu kwenye mstari mmoja, mita 2.5 kutoka ukuta wa stoo, na kamba ya kupimia bado imefungwa juu yake. Mwenye nyumba amesimama kando ya mabati yake ya geji 30, akipiga hesabu ya banda la kuku ambalo ukuta mmoja tayari anao. Ng'ambo ya uzio, jirani ameacha kufua na kutazama. Hajasema kitu, bado.

Asubuhi ya namna hii si ngeni Kinyerezi, Goba, Chanika, Mbagala wala Kigamboni, jijini Dar es Salaam. Kiwanja ni kidogo, stoo ya uani ipo, mayai yanatakiwa kila siku, na banda la kusimama peke yake lina gharama. Kuegemeza banda kwenye stoo kunaonekana kuwa jibu la haraka.

Hesabu yenyewe inashawishi. Chukua stoo yenye ubavu wa mita 4. Ukitoka nje mita 2.5 unapata eneo la mita za mraba 10. Banda la ukubwa huo likijitegemea linataka mita 13 za ukuta kuzunguka pande zote. Likiegemea stoo, linataka mita 9. Karibu theluthi ya ukuta imeokolewa.

Eneo hilo linatosha kuku wa mayai 50 ukiweka watano kwa kila mita ya mraba, kipimo ambacho wataalamu wengi wa ugani hukitaja kwa kuku wanaofugiwa sakafuni. Kwa familia ya mjini, huo si utani. Ni ada, ni umeme, ni kitoweo.

Lakini ukuta ulioupata bure una tabia zake. Unazuia upepo, unamwaga maji, unahifadhi panya na, mara nyingi, upande wake wa pili kuna sumu. Juu ya hayo, fundi, afisa mifugo, bwana afya na jirani hawalitazami banda hilo kwa jicho moja.

Mradi wa tangu enzi za uhaba

Ufugaji wa uani Dar es Salaam haukuanza na kuku chotara wa leo. Miaka ya 1974 na 1975, serikali ilipotangaza kilimo cha kufa na kupona kwa sababu ya njaa, wakazi wa mijini nao walihimizwa kushika jembe.

Muongo uliofuata ndio uliowaingiza kuku uani kwa kishindo. Mshahara wa miaka ya 1980 ulikuwa haufikishi familia mwisho wa mwezi. Walimu, wauguzi na makarani wakaanzisha "miradi": maandazi, barafu, ng'ombe wa maziwa, kuku wa mayai. Mtafiti Aili Mari Tripp aliieleza hali hiyo ya Dar es Salaam kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1997, *Changing the Rules*.

Sheria zilikuja nyuma ya maisha. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limemkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza masharti hayo. Mwaka 1992 zikatoka kanuni za kilimo cha mijini, zilizoweka ukomo wa ng'ombe wanne kwa mfugaji wa mjini, tena wakiwa zizini.

Leo ng'ombe wamepungua katikati ya miji, ila kuku wamebaki. Wameongezeka machotara kama Sasso na Kroila, wanaokua haraka kuliko kuku wa kienyeji na kuvumilia mazingira ya uani kuliko kuku wa nyama. Kilichopungua ni nafasi. Ndiyo maana banda linakwenda kujibanza kwenye stoo.

Upepo kwanza, tofali baadaye

Kuku hatoi jasho. Joto likipita nyuzi 30 anaanza kuhema mdomo wazi, anakula kidogo, anataga kidogo, na maganda ya mayai yanakuwa membamba. Dar es Salaam ya Januari na Februari huvuka kiwango hicho karibu kila mchana.

Banda linalojitegemea hupitisha upepo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiliegemeza kwenye stoo, umeziba njia moja. Upepo unaingia, unagonga ukuta, unasimama. Hewa ya amonia itokayo kwenye kinyesi nayo inabaki ndani, ikichoma macho ya kuku na mapafu yao.

Kwa hiyo swali la kwanza si "stoo iko wapi?" bali "tuegemee ubavu upi wa stoo?" Katika ukanda wa pwani jibu linapatikana kwa kufuata jua na pepo mbili ambazo wavuvi wanazijua tangu zamani.

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, takriban Aprili hadi Septemba. Banda lililoegemea ubavu wa mashariki hupata sehemu ya pepo zote mbili. Tena stoo yenyewe hulitilia kivuli baada ya saa sita mchana, wakati jua ni kali kuliko muda wote.

Ubavu wa magharibi ni kinyume chake. Jua la alasiri linapiga moja kwa moja, bati linawaka, na stoo imekaa mbele ya upepo. Anayelazimika kujenga huko kwa sababu ya umbo la kiwanja ajue anahitaji paa la juu zaidi, mti wa kivuli, na kuku wachache kwa mita.

> Banda usiloweza kusimama ndani yake wima, hutalisafisha.

Upande wowote atakaouchagua mjenzi, pande tatu za nje zisijengwe hadi juu. Kozi tatu au nne za tofali chini zinatosha kuzuia mvua na kuzuia maranda yasimwagike; kutoka hapo hadi paani ni wavu. Viroba vilivyoshonwa pamoja hutumika kama pazia la kushusha mvua inapokuja na upepo, na kupandishwa ikikatika.

Hila ya mwisho iko juu, pale paa jipya linapokutana na stoo. Wengi huliziba pengo hilo kabisa. Wanaojua huacha upenyo wa sentimita 20 hivi chini ya upenu wa stoo, wakauwekea wavu. Hewa ya moto hupanda. Ikikuta mlango juu, inatoka.

Maji ya mapaa mawili

Paa la banda la kuegemea huwa la mgongo mmoja, likishuka kutoka stoo kwenda nje. Hapa ndipo urefu wa stoo unapoamua mambo. Mteremko wa nyuzi 10 juu ya upana wa mita 2.5 unashusha paa kwa sentimita 44.

Stoo nyingi za uani ni fupi. Kama paa jipya linaanzia mita 2.1 juu ya ardhi, upande wa nje utakuwa mita 1.66 tu. Mtu mzima ataingia ameinama, atasafisha ameinama, na baada ya wiki chache ataacha kusafisha. Ni afadhali kupunguza upana wa banda, au kuchimba sakafu ya ndani kidogo na kuinua tuta la nje, kuliko kujenga pango.

Kisha kuna maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ikiwa paa la stoo lina mita za mraba 12 na linamwaga juu ya paa la banda lenye mita 10, mvua ya masika ya milimita 50 inaangusha lita 1,100 kwenye ukingo mmoja, ule wa chini, karibu na wavu.

Maji hayo yakirukia ndani, maranda yanalowa. Maranda yakilowa, harufu inaanza, na ugonjwa wa kuhara damu kwa vifaranga unapata pa kuzalia. Kipimo ni rahisi: chukua konzi ya maranda uiminye. Ikiachia na kutawanyika, sakafu ni salama. Ikibaki bonge, ibadilishe.

Maji hayohayo yakikingwa ni mali. Kuku mmoja wa mayai hunywa takriban robo lita kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Kuku 50 hawafikishi lita 15 kwa siku za kawaida. Tangi la lita 1,000 chini ya mfereji wa paa linaweza kuwanywesha kwa zaidi ya miezi miwili.

Kuna faida nyingine ambayo wafugaji wengi huigundua kwa kuchelewa. Maji ya bomba huwa na klorini, na klorini huua chanjo zinazochanganywa kwenye maji ya kunywa. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri huondoa tatizo hilo.

Mahali penye matatizo zaidi ni maungio. Kwa asiyeacha upenyo, bati la banda likipigiliwa tu ukutani, maji hupenya nyuma yake na kushuka ndani kupitia ukuta wa stoo. Kunahitajika kipande cha bati kilichokunjwa, upande mmoja umeingizwa kwenye mfuo uliochongwa ukutani na kuzibwa kwa saruji, upande wa pili umelalia bati la banda. Kipande hicho ni cha bei ndogo, ila ndicho mafundi wa haraka hukiacha.

Kupigilia au kujitegemea?

Mafundi wenyewe hawakubaliani. Kundi moja hufunga mbao ya mbili kwa nne kwenye ukuta wa stoo kwa bolti, kisha paa likaikalia. Hoja yao ni kwamba mirunda inapungua na kazi inaisha siku hiyohiyo.

Kundi la pili huweka mirunda pande zote, hata ule wa ukutani, ili banda libebe uzito wake lenyewe na stoo iwe jirani tu. Hoja yao ni kwamba stoo nyingi zilijengwa bila lenta, kwa tofali jembamba, na hazikukusudiwa kuvutwa. Upepo ukiinua paa la banda, unang'oa na tofali.

Katika hili, kundi la pili lina nguvu zaidi. Msingi mpya hutitia kwa mwendo wake, tofauti na ule wa zamani uliokwishatulia. Ukifunga tofali jipya kwenye la zamani, ufa utatokea kwenye maungio hata kama fundi ni hodari. Mirunda mitatu ya ziada ni nafuu kuliko kujenga stoo upya.

Na ufa bandani si suala la sura tu. Utitiri hujificha mchana kwenye nyufa na matundu ya tofali, usiku ukatoka kunyonya damu ya kuku. Ukuta wa stoo upande wa banda upigwe plasta laini na chokaa kabla kuku hawajaingia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Kwa mfugaji, utanunua na dawa kila mwezi.

Mirunda nayo ina adui wake, mchwa. Wengi hupaka oili chafu, ambayo husaidia kwa muda mfupi. Inayodumu ni mbao iliyotiwa dawa kiwandani, au mrunda uliokalishwa juu ya kiguu cha zege badala ya kufukiwa udongoni.

Mlango wa ndani

Mgogoro mwingine unahusu mlango. Kwa kuwa stoo na banda vimegusana, mwenye nyumba hutamani kutoboa ukuta ili aingie bandani akitokea stoo. Chakula kiko hapo, mvua haimpati, mwizi haoni mlango.

Maafisa mifugo hawaupendi mlango huo. Kila anayepita analeta na viatu vyake alichokanyaga sokoni au kwa mfugaji mwingine. Panya wa stoo nao wanapata barabara.

Halafu kuna kilichomo stoo. Mara nyingi ni mabaki ya ujenzi na kila kisicho na mahali: dawa ya mchwa, rangi, sumu ya panya, dumu la petroli ya jenereta. Panya aliyekula sumu akifia bandani, kuku wanamdonoa.

Petroli inakuwa hatari zaidi pale vifaranga wanapoletwa. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na familia nyingi hutumia jiko la mkaa. Jiko hilo ndani ya banda lililozibwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na cheche moja inatosha kwa maranda makavu. Upande wa pili wa ukuta kuna dumu.

Chakula nacho kina masharti. Kuku 50 hula takriban kilo 6 kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 50 linaisha kwa siku nane hivi. Anayenunua magunia mengi na kuyaegemeza kwenye ukuta wenye unyevu anakaribisha ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu. Watanzania wanaijua sumu hiyo: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyoathirika.

Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Sumu na petroli vihame. Na mlango wa banda uwe wa nje, na wa kwake peke yake.

> Ukuta uliopatikana bure hulipiwa kwa joto, unyevu na panya, isipokuwa kwa aliyepanga mapema.

Wageni wa usiku, wezi wa mchana

Wavu wa kawaida wa kuku, ule mwepesi wenye matundu ya pembe sita, humzuia kuku asitoke. Haumzuii kicheche asiingie. Paka shume huuchana, panya buku huutafuna pembeni, na nyoka hupita kwenye matundu yake bila kubisha hodi.

Wavu mgumu wenye matundu madogo ni ghali, lakini si lazima uzunguke banda lote. Uwekwe mita 1 ya chini, na ncha yake ifukiwe sentimita 30 ardhini au ilazwe chini ya zege la sakafu. Juu ya hapo wavu mwepesi unaweza kutosha.

Mchana adui ni kunguru. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wakasambaa mwambao mzima. Wanabeba vifaranga na mayai mbele ya macho ya mwenye nyumba. Kiwanja kidogo cha kuku kutembelea kikiongezwa mbele ya banda, kifunikwe juu pia.

Siafu hawazuiliwi na wavu wowote. Huingia usiku kwa maelfu na kumaliza vifaranga kabla ya alfajiri. Kinga dhidi yao ni usafi: nyasi zifyekwe kuzunguka banda, mabaki ya chakula yaondolewe, na stoo isiwe na marundo ya mbao zilizooza.

Jirani ana hoja

Ni rahisi kumwita jirani mwenye wivu. Lakini kuku 50 wa mayai hutoa kinyesi cha kilo 6 hivi kila siku. Ni kama kilo 180 kwa mwezi, na stoo kwa kawaida hujengwa pembeni kabisa mwa kiwanja. Maana yake banda linaloegemea stoo huwa karibu na dirisha la jirani kuliko la mwenye kuku.

Anayelala karibu na banda anapata nzi, harufu na jogoo wa saa kumi alfajiri. Hapati mayai. Kero hiyo ina uzito kisheria: Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa bwana afya nguvu ya kuamuru kero iondolewe. Ndiyo sababu malalamiko mengi huanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kuishia kwenye amri ya kubomoa.

Wafugaji nao wana hoja. Wanasema sheria huwakumbuka siku ya malalamiko tu, kwamba hakuna aliyewaeleza kabla ya kujenga ni kuku wangapi wanaruhusiwa au banda likae umbali gani kutoka mpakani. Kila halmashauri ina sheria ndogo zake, na mkazi wa Ubungo hawezi kuchukulia kwamba za Temeke zinamhusu.

Kibali nacho kina utata machoni pa wengi. Stoo ilikuwapo, banda ni kiegemezo tu, kibali cha nini? Kwa mamlaka za mipango miji, nyongeza yenye msingi na paa ni ujenzi. Anayeanza bila kuuliza anacheza kamari na tofali zake.

Mpangaji ana mzigo wa ziada. Alichojenga kwa saruji kwenye ukuta wa mwenye nyumba hakihami naye. Ruhusa ya mdomo iliyotolewa wakati wa furaha husahauliwa wakati wa kodi. Inafaa iandikwe, ikieleza nani atachukua mabati na wavu siku ya kuondoka.

Kwa nini serikali inajali kuku wa uani

Zaidi ya harufu, kuna ugonjwa. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kufagia banda lisilochanjwa kwa siku chache. Kinga ipo na si ya gharama: chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia na sasa kuzalishwa Kibaha, huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Ni tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu.

Chupa moja mara nyingi huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa ua mmoja. Hapo ujirani unageuka faida: wafugaji wa mtaa wakipanga siku moja, gharama inagawanyika na ugonjwa unakosa pa kujificha.

Mafua ya ndege ndiyo yanayowanyima usingizi maafisa. Januari 2017 virusi vyake vilithibitishwa Uganda, kando ya Ziwa Victoria, na nchi jirani zikafunga mipaka kwa kuku wake. Baadaye mwaka huo Tanzania iliwachoma vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, ikitoa sababu ya hatari ya ugonjwa huo. Tukio lile lilizua mjadala mkali pande zote za mpaka.

Banda la uani lenye wavu mzima, maranda makavu na mlango wake ni sehemu ya ulinzi huo. Kuku wanaozurura mtaani wakilala stoo juu ya magunia si sehemu yake.

Miji mingine ilivyofanya

Kampala ilipitisha sheria ndogo za kilimo na mifugo ya mjini mwaka 2006. Nairobi ikatunga sheria ya kaunti ya kuendeleza na kudhibiti kilimo cha mjini mwaka 2015. Sheria kuwepo kwenye karatasi si sawa na kutekelezwa, lakini miji hiyo miwili imeanza kwa kukiri kwamba mfugaji wa mjini yupo na anastahili masharti anayoweza kuyasoma mapema.

Wapo wanaotaka kuku waondolewe mijini kabisa. Hoja yao ni kwamba mji wenye msongamano haubebi mifugo, na kwamba mayai yatoke Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, kwenye ardhi ya kutosha. Kwa mfugaji wa kuku 2,000, wana haki.

Kwa familia yenye kuku 20 au 50, katazo halitawaondoa, litawaficha. Kuku waliofichwa hawachanjwi, na banda lililofichwa halikaguliwi.

> Kuku waliofichwa hawachanjwi.

Linalofaa ni halmashauri kutoa karatasi moja inayoeleweka: idadi ya kuku kwa ukubwa wa kiwanja, umbali wa banda kutoka mpakani na kwenye dirisha la jirani, namna ya kutunza kinyesi, na ratiba ya chanjo. Ibandikwe kwenye ofisi ya kila mtaa. Afisa mifugo wa kata aipitie na mwenye nyumba kabla ya msingi kuchimbwa, si baada ya ugomvi.

Kabla ya kununua bati

Kwa anayejiandaa kujenga, mambo haya yafanyike kwa mpangilio:

• Muulize mtendaji wa mtaa na bwana afya kuhusu sheria ndogo na kibali cha eneo lako.

• Zungumza na jirani anayepakana na stoo. Mweleze idadi ya kuku, na mkubaliane kuhusu jogoo. Mayai hayahitaji jogoo.

• Chagua ubavu wa stoo kwa kufuata upepo na jua. Kwa pwani, anza kufikiria mashariki.

• Pima urefu wa upenu wa stoo. Ukiona upande wa chini wa paa utakuwa chini ya mita 1.8, punguza upana wa banda.

• Banda lisimame kwa mirunda yake. Plasta na chokaa kwenye ukuta wa stoo, wavu mgumu chini, upenyo wa hewa juu, mfereji wa maji ukingoni.

• Toa stoo sumu, petroli na rangi. Magunia yapande chaga.

• Tafuta mapema wa kuchukua mbolea. Walima mchicha wa mabondeni huihitaji, ikishaozeshwa.

• Anza na nusu ya kuku ambao banda linaweza kuwabeba. Joto la kwanza la Februari litakuonyesha kama nusu ya pili inawezekana.

Stoo iliyo imara ni msaada mkubwa kwa anayeanza, na hakuna sababu ya kuuacha ukuta wake. Ila aliyeupanga upepo, maji na ujirani kabla ya kuuegemea ndiye atakayekula mayai yake kwa amani. Asiyeweza kutimiza hayo kwa kuku 50 afuge 15, na asiyeweza kwa 15 anunue mayai dukani.